"Mwana" ndani ya jina

Wazazi wanaomtafutia binti jina refu, lisilosikika kila mtaa, mara nyingi hukimbilia majina ya ng'ambo. Nawaomba watazame pwani kwanza. Kuna Mwanahamisi, aliyezaliwa Alhamisi. Mwanajuma, wa Ijumaa. Mwanaidi, wa sikukuu. Na hilo "mwana" si mtoto tu: kwa watu wa Lamu na Pate lilikuwa neno la heshima, bibi mwenye hadhi yake. Ndivyo alivyoitwa Mwana Kupona, mshairi aliyemtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Ulimi hupenda kufupisha, Mwanajuma akawa Mwajuma. Sawa, lakini kwenye cheti cha kuzaliwa liandikwe zima, binti akikua achague mwenyewe.