Ugonjwa wa sukari na macho: picha isafiri mbele ya mgonjwa

Ugonjwa wa sukari (diabete) unaharibu mishipa midogo ya damu iliyo kwenye retina, nyuma ya jicho. Mishipa hiyo inavuja au inaziba. Mwanzoni mgonjwa hasikii maumivu, tena anaona vizuri. Akianza kuona ukungu au madoa meusi, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuendelea sana. Ndiyo sababu macho yanapimwa kabla ya dalili.

Nani apimwe, na wakati gani?

Mwenye sukari ya aina ya 2, ile inayopata zaidi watu wazima, apimwe mara tu ugonjwa unapojulikana. Wa aina ya 1 apimwe kabla ya miaka 5 kupita. Kisha, kwa kawaida, kila mwaka. Mama mwenye sukari akipata mimba apimwe mapema, kwa kuwa mimba inaweza kuharakisha madhara hayo.

Picha inafanya kazi namna gani?

Daktari wa macho yuko mjini, mgonjwa yuko kijijini. Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliyefundishwa anapiga picha ya retina kwa kamera maalum. Pengine anatia kwanza matone ya kupanua mboni. Picha inahifadhiwa, halafu inatumwa wakati mtandao unapopatikana. Mtaalamu anaisoma akiwa mbali na kurudisha jibu. Ziko pia programu za kompyuta zinazosoma picha papo hapo. Picha isipokuwa wazi, kwa mfano kwa sababu ya mtoto wa jicho, tusiseme jicho ni zima: mgonjwa aende kwa daktari.

Mfano wa jirani zetu

Utafiti wa Rwanda uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa waliohitaji kuonana na daktari wa macho. Kati ya waliopata jibu la programu siku ile ile, asilimia 51.5 walifika kwake. Kati ya waliongojea jibu la mtaalamu kwa siku kadhaa, walifika asilimia 39.6.

Jibu la haraka linasaidia. Lakini hata hivyo karibu nusu hawakufika, na picha haiponyeshi: mwali wa leza au sindano za jicho ndizo zinazozuia upofu, pamoja na kutunza sukari na presha. Hapo ndipo kanisa lina kazi: kuuliza nani ameitwa hospitalini, kuchanga nauli, na kumpa mtu wa kumsindikiza.