Stesheni Kuu ya Dresden: Jengo la Mwaka 1898 na Ukarabati Wake

Stesheni Kuu ya Reli ya Dresden, mji mkuu wa Jimbo la Saksonia mashariki mwa Ujerumani, ilijengwa kati ya mwaka 1892 na 1898 kwa michoro ya wasanifu majengo Ernst Giese na Paul Weidner. Ilifunguliwa Aprili 23, 1898.

Stesheni hiyo ina kumbi tatu zinazopakana, zilizoezekwa juu ya matao makubwa ya chuma. Katika ukumbi wa kati, reli zipo usawa wa ardhi na hukomea hapo. Katika kumbi za pembeni, reli zimeinuliwa juu ili treni zinazoendelea na safari zipite bila kugeuza.

Usiku wa Februari 13 kuamkia 14, 1945, ndege za Uingereza ziliushambulia mji huo kwa mabomu. Stesheni ilikuwa imejaa wakimbizi waliotoka mashariki, na wengi wao walifia humo, wakiwamo waliojificha chini ya jengo na kukosa hewa. Baada ya vita, jengo lilitengenezwa na kurejea kazini chini ya serikali ya Ujerumani Mashariki.

Usiku wa Oktoba 4, 1989, treni zilizobeba raia waliokuwa wamekimbilia ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague zilipitia Dresden. Maelfu ya watu walikusanyika stesheni hapo, baadhi wakitaka kupanda treni hizo, na wakapambana na polisi. Mwezi uliofuata, Ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Ukarabati mkubwa ulifanyika mapema miaka ya 2000 kwa usanifu wa kampuni ya Foster + Partners ya Uingereza. Matao ya awali yalibakizwa na kukarabatiwa. Juu yake, badala ya paa zito, kilitandazwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa tefloni, chenye eneo la takriban meta za mraba 30,000 na unene usiofikia milimita moja. Kitambaa hicho hupitisha mwanga wa mchana, na usiku huakisi mwanga wa taa kuurudisha ndani. Uchafu haugandi juu yake kwa urahisi.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa kuwa treni ziliendelea kuhudumia abiria wakati mafundi wakiwa juu ya paa. Aidha, Agosti 2002, mto Weißeritz ulifurika, ukarudia mkondo wake wa zamani na kuingiza maji katika kumbi za stesheni. Ukarabati ulizinduliwa rasmi Novemba 10, 2006, mwaka ambao Dresden iliadhimisha miaka 800.

Mwaka 2007, mradi huo uliingia katika orodha fupi ya kuwania Tuzo ya Stirling ya usanifu majengo nchini Uingereza. Hadi leo, jengo hilo linatumika kwa kazi ileile liliyojengewa: kupokea na kusafirisha abiria.