Inapiga Stata, Haiwaki

Mteja akimpigia fundi simu na kulalamika kwamba gari haiwaki, swali analorudishiwa ni lile lile karibu kila gereji: "Inapiga stata?" Jibu lake ndilo linaloamua fundi aje na betri na nyaya za kuchajia, au aje na plagi na kifaa cha kupimia. Ukigeuza ufunguo kukawa kimya, au kikalia kitu kimoja tu, ta!, huku taa za dashibodi zikififia, tatizo liko kwenye betri, vichwa vyake au stata yenyewe. Injini ikizunguka kwa nguvu na bado isishike, hivyo vyote vimeshafanya kazi yao, na anayekwenda kununua betri mpya anatupa pesa.

Waandishi wa vitabu vya maelekezo hupata shida na hali hii ya pili. Nimeona tafsiri kama "injini inageuka lakini haianzi". Haianzi nini? Msomaji anabaki akisubiri kitenzi kingine. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, angesema "inapiga stata lakini haiwaki", na hilo ndilo ningelipeleka kitabuni. Kwa maandishi rasmi zaidi, "injini inazunguka bila kuwaka" inatosha. Ni kweli kuwaka limesambaa, siku hizi hata simu na redio haziwaki, lakini kwenye injini ya petroli neno liko nyumbani kwake: ndani ya silinda moto unawaka kweli, au hauwaki.

Tofauti hii ya kuzunguka na kuwaka ilikuwa wazi zaidi enzi za hendeli. Stata ya umeme ya Charles Kettering iliingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912. Kabla ya hapo mtu alisimama mbele ya gari, akachomeka chuma kilichopinda na kuizungusha injini kwa mkono. Land Rover za zamani bado zilibeba hendeli yake, kwa siku ambayo betri ingelala. Utingo aliyekuwa anatoka jasho pale mbele hakuhitaji kamusi: kuzungusha ilikuwa kazi yake, kuwaka ilikuwa kazi ya injini. Ufunguo ndio uliofunika kazi mbili kwa tendo moja, na watu wakaanza kuziita jina moja. Matokeo yake utayaona barabarani: vijana wanne wanasukuma gari ambalo stata yake inazungusha vizuri kabisa. Kusukuma ni njia nyingine tu ya kuzungusha injini, safari hii kwa magurudumu. Kama stata inazungusha na moto haushiki, kusukuma hakuongezi kitu. Na gari la gia za otomatiki hata halisukumwi likawaka.

Stata huizungusha injini kama mizunguko 200 hivi kwa dakika. Ikishawaka na kutulia, injini inajizungusha yenyewe mara 700 au 800. Ili ivuke kutoka kasi ile ndogo hadi hii inahitaji hewa, petroli, cheche na mgandamizo, tena kila kimoja kwa wakati wake. Kwa hiyo fundi mzuri hakimbilii kufungua. Kwanza anasikiliza.

Injini nzima ikizungushwa huenda kwa mikupuo, kwa sababu kila pistoni inayobana hewa inaipa stata mzigo. Mkanda wa taimingi ukikatika, vali hazifunguki wala kufunga kwa mpangilio, mgandamizo unapotea, na ile mikupuo inatoweka. Stata inakwenda laini na haraka kupita kawaida. Ukisikia hivyo, acha kupiga stata papo hapo, maana kwenye baadhi ya injini pistoni zitagonga vali, na bei ya matengenezo itabadilika kabisa. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na kibandiko karibu na injini kinachoonyesha kilomita ambazo mkanda ulibadilishwa. Kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka, na wengi huking'oa siku ya kuosha gari.

Mikupuo ikiwepo, plagi moja inafunguliwa. Ikitoka imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na moto ndio haupo: tazama koili, nyaya, plagi zenyewe. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki: fyuzi, relei, pampu, au tangi tupu huku geji ikidanganya. Wengi husikiliza mlio wa pampu ufunguo ukiwa kwenye "on", ila kipimo hiki kinapotosha kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, ambazo pampu yake husubiri injini izunguke ndipo ifanye kazi. Kuna pia wanaomwagia petroli kwenye njia ya hewa ili waone kama itashika kidogo. Jibu wanalipata, na pengine nyusi zao zinalipia.

Petroli na cheche zikikosekana kwa pamoja, kisa mara nyingi ni sensa ya krenki. Kompyuta ya gari isipojua kwamba injini inazunguka, haitoi cheche wala kufungua nozeli. Chomeka kifaa cha kupimia, piga stata, tazama mizunguko: ikisoma sufuri huku masikio yako yanasikia injini ikizunguka, umeshampata. Sensa hii ina tabia ya kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, ndiyo maana gari linakataa sheli saa nane mchana na kuwaka jioni mbele ya fundi. Na taa ndogo ya ufunguo ikipepesa bila kukoma, huenda gari halijautambua ufunguo wako. Hapo hakuna cha kufungua.

Dizeli haina cheche; hewa ikibanwa sana inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Kwa hiyo kwake hata kasi ya kuzunguka ni sehemu ya moto: stata ikivuta kichovu, joto halifiki. Baada ya kubadilisha filta, sababu kubwa ni upepo kwenye bomba, na dawa yake ni kutoa upepo kwa pampu ya mkono.

Msemo wa fundi unapopwaya ni kwenye haibridi. Toyota Prius haina stata ile ya kawaida. Mota ya umeme inaizungusha injini kimya, wakati mwingine gari likiwa tayari linatembea. Huko "inapiga stata" haisemeki. "Injini inazunguka bila kuwaka" bado inasemeka, tena bila kubadilisha hata herufi.