Kupasua na Kuambatana kwa Tamko Moja

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu waliotangulia walikuwa na mlango maalumu wa maneno waliyoyaita adhdadi, yaani tamko moja kubeba maana mbili zinazopingana, kama jaun, lisemwalo kwa cheusi na kwa cheupe. Na Ibn al-Anbari wa Baghdad, aliyefariki mwaka 328 Hijria, aliyatungia kitabu kizima. Asistaajabu basi msomaji akisikia kwamba Waingereza nao wana kitenzi cleave, ambacho ni kupasua kitu hata kikawa viwili, na ambacho pia ni kuambatana nacho pasibaki upenyo.

Ila hili la Kiingereza halikuwa neno moja tangu asili. Waingereza wa kale, kabla Wanormandi hawajaivamia nchi yao mwaka 1066, walisema cleofan kwa kupasua na clifian kwa kunata, maneno mawili ya nasaba mbalimbali. Karne zikapita, vinywa vya watu vikazila silabi za mwisho, na wageni hao wawili wakajikuta wamevaa kanzu moja. Mjerumani amesalimika, kwani kunata kwake ni kleben, na kupasua ni klieben, ingawa hili la pili limekuwa adimu. Sisi nasi twatenga bandika na bandua kwa silabi mbili za mwisho tu, na silabi hizo hazijapata kulala.

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ndani ya kitabu kimoja cha Mwanzo, mume huambatana na mkewe kwa neno hili katika mlango wa 2, na katika mlango wa 22 Ibrahimu huchanja kuni za kafara kwa neno hili hili. Wala sidhani kuna aliyekosea, maana mke hachanjwi.

Maana ya kuambatana ilibaki zaidi makanisani. Ya kupasua ikakaa na wenye kazi zao, wauza nyama na mafundi wa almasi. Jiwe la Cullinan, lililochimbwa Transvaal mwaka 1905 likiwa na uzito wa karati 3,106, Serikali ya huko ilimtunukia Mfalme Edward VII, naye akalipeleka Amsterdam kwa Joseph Asscher, aliyelipasua Februari 1908. Almasi, kama ubao, ina njia yake ya kupasukia: fundi huichora mfuo kwa almasi nyingine, huweka bapa la chuma, hupiga pigo moja. Pigo la kwanza la Asscher lilivunja chuma, jiwe likabaki zima. Lilipokubali hatimaye, na kazi yote ilipokwisha, vilipatikana vito vikubwa 9 na vidogo 96. Na ilikuwa ada ya mafundi hao, kabla ya kuthubutu kuinua nyundo, kuligandisha jiwe imara kwenye kishikio chake.