LAMBO LILIVYOINGIA USUKUMANI (Sehemu ya 4)



Sehemu ya 3 tuliongelea kichocho cha tumbo, kile cha mama zetu wa visiwani na mialoni. Wengi mkaniuliza, nesi, sisi tuko ndani huku Kwimba, Maswa, Misungwi ya mbali, ziwa hatulioni, mbona watoto wetu wanakojoa damu? Swali zuri sana. Jibu lake lina historia, na historia yenyewe unaipita kila siku ukiwa na ndoo kichwani. Ni lambo.

Hebu vuta picha ya bonde la Usukuma kabla ya lambo. Juu kuna mawe, yakifuatiwa na udongo wa kichanga ambako watu wanalima, na chini kabisa mbuga ya udongo mweusi. Masika mbuga inajaa maji, kiangazi inakauka mpaka inapasuka nyufa za kuingia mguu. Wakati huo bibi zetu walifukua mchanga wa mto mkavu, wakakaa pembeni na kibuyu wakisubiri maji yajikusanye kidogo kidogo. Ng'ombe walipelekwa mbali kutafuta maji na majani. Sitayapamba maisha hayo, yalikuwa magumu, na mzigo mkubwa ulikuwa kichwani kwa mwanamke.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Waingereza ikasema Usukuma umejaa watu na ng'ombe, ardhi inachoka. Mwaka 1947 ikaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, kule Kwimba. Walitaka sehemu ya watu wahamie Geita kwenye ardhi mpya, mifugo ipunguzwe, mashamba yalimwe kwa matuta. Na walitaka maji yazuiwe: unaziba bonde kwa tuta la udongo, maji ya masika yanakaa nyuma yake mpaka kiangazi. Hilo ndo lambo.

Masharti ya ng'ombe na matuta watu waliyachukia kabisa, maana ukikiuka unatozwa faini. Hasira hizo ziliingia mpaka kwenye siasa. TANU ilipigwa marufuku Usukumani mwaka 1954, ikaruhusiwa tena 1958. Lakini maji nani atayakataa? Mpango ulikufa, malambo yakabaki. Baada ya Uhuru yakaendelea kuchimbwa mengine, na mpaka leo mwanakijiji akimwomba diwani kitu, lambo halikosekani kwenye orodha.

Sasa angalia bonde lilivyogeuka. Ng'ombe hawahitaji tena kwenda mbali sana, kwa hiyo wanabaki, na majani ya kuzunguka lambo yanaisha kwa kukanyagwa. Udongo ukilegea unasombwa na mvua, unaingia lamboni, lambo linajaa tope na kina kinapungua mwaka hadi mwaka. Nyumba zinasogea. Majaruba ya mpunga yanaongezeka mbugani. Watu wanavua kambare mahali ambapo zamani samaki alitoka ziwani, tena mkavu. Na watu wote wanakutana kwenye maji yale yale, mama na madumu yake, wasichana wakifua, wavulana wakioga pamoja na ng'ombe, na kila mtoto anayebanwa na mkojo anamalizia hapo hapo.

Kichocho hakikuletwa na lambo, tuelewane. Kilikuwepo kwenye madimbwi tangu zamani. Ila mdudu wake anahitaji vitu vitatu vikutane: mkojo wa mgonjwa, konokono wa maji, na ngozi ya mtu mwingine. Lambo linavikutanisha vyote mahali pamoja, tena kwa miezi mingi zaidi ya dimbwi la mvua. Mwanza ina kituo cha utafiti wa magonjwa tangu enzi za mkoloni, ambacho leo ni NIMR, na watafiti wake akiwemo Gerald Webbe waliwafuatilia konokono hawa miaka ya 1950 na 1960. Maji yakikauka, konokono anajizika kwenye tope na kusubiri. Mvua ikirudi, naye huyo! Kwa hiyo anayekwambia lambo likikauka ugonjwa umeisha, mwambie bado.

Wala si sisi peke yetu. Ghana walipojenga bwawa la Akosombo, lililokamilika 1965, watu kama 80,000 walihamishwa, na miaka michache baadaye kichocho cha mkojo kilienea sana kwa watoto wa vijiji vya ukingoni. Huku kwetu hakuna aliyehamishwa na lambo. Sisi tulilifuata wenyewe. Kisha Operesheni Vijiji ya 1974 ikakusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika, na watoto waliokuwa wakichezea madimbwi mbalimbali wakajikuta wengi kwenye maji ya kijiji kimoja.

Bomba la kutoka Ihelele kwenda Kahama na Shinyanga, lililozinduliwa 2009, limewaokoa wengi. Lakini bomba lina bili, na lambo ni bure. Kufua nguo za watoto watano kwa maji ya kununua, mama unajua hesabu yake.

Kinachoniuma mimi ni wasichana. Mvulana akikojoa damu, zamani wazee walisema amekua. Msichana je? Mayai ya mdudu huyu yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, uchafu, damu baada ya tendo, hata ugumba. Nimeona binti akifika na dalili hizo, swali la kwanza anaulizwa ana wanaume wangapi. Anapewa dawa za magonjwa ya zinaa mara mbili, mara tatu, haponi, nyumbani jina limeshaharibika. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anafulia wapi akiwa na miaka kumi.

Kwa hiyo mama, ukiwa na binti mwenye dalili hizo, mtaje lambo wewe mwenyewe hapo kwa daktari au nesi. Sema, "Huyu amekua akichota maji lamboni." Dawa ipo, inaitwa praziquantel, inapimwa kwa uzito au urefu. Inaua minyoo, ila vidonda vya siku nyingi vinaweza visifutike vyote, ndo maana nasema wahi. Siku ya dawa shuleni mtoto ale kwanza, kizunguzungu kitapungua.

Maji ya kuogea, yachote bila konokono, yafunike yakae siku mbili ndipo myatumie. Mdudu hafiki siku hizo akiwa hai. Ya kunywa chemsha. Na kama lazima watoto waingie lamboni, saa mbaya kuliko zote ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa kali, ndipo konokono anawatoa wengi.

Sehemu ya 5 ni majaruba na malaria, mliniomba. Wa Sengerema, nimeona ujumbe wenu, nitawajibu usiku nikitoka zamu.