Askari Anapochunguzwa, Bunduki Yake Inakaa Wapi?

Kila raia anapofia mikononi mwa polisi, mjadala wetu nchini Kenya huanza na swali moja: nani atachunguza? Ni swali la haki, na wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Hata hivyo, kila ninapoirejea historia ya polisi wetu tangu enzi za mkoloni, naona kwamba swali hilo ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni hii: tangu siku malalamiko yanapoandikishwa hadi siku hukumu inaposomwa, askari anayelalamikiwa yuko wapi, na ameshika nini mkononi? Katika muda huo wa kati ndipo ushahidi hupotea na mashahidi hunyamazishwa.

Tuanze na mwaka 1954, vita vya Mau Mau vilipokuwa vimepamba moto. Serikali ya Uingereza ilimleta Nairobi Kanali Arthur Young, mkuu wa polisi wa City of London, aliyekuwa amekwisha kufanya kazi ya kurekebisha polisi huko Malaya. Young alishikilia kwamba polisi wanapaswa kuitumikia sheria, si kupokea amri za wakuu wa wilaya. Aliunga mkono wapelelezi waliokuwa wakichunguza mauaji na mateso yaliyodaiwa kufanywa na homugadi, yaani walinzi wa vijijini waliokuwa upande wa serikali. Homugadi hao walikuwa na silaha, na waliishi katika maeneo yaleyale walimokaa watu ambao wangetoa ushahidi dhidi yao. Utawala haukupendezwa na uchunguzi huo. Kabla mwaka kwisha, Young alijiuzulu, na serikali haikuichapisha taarifa yake. Tarehe 18 Januari 1955, Gavana Evelyn Baring alitangaza msamaha ambao, pamoja na kuwataka wapiganaji wajisalimishe, uliwakinga homugadi na mashtaka kwa yale waliyokwisha kuyatenda.

Miaka minne baadaye, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliokuwa kizuizini huko Hola, karibu na Mto Tana, waliuawa kwa kipigo cha askari jela. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa miili ndio uliofichua majeraha. Pamoja na hayo, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Tuzingatie mpangilio wa mambo: waliokuwa na sababu ya kuficha ndio walioachiwa nafasi ya kusimulia kwanza.

Bendera ilibadilika mwaka 1963, lakini mazoea ya polisi kujichunguza wenyewe yalibaki. Ilibidi nchi ivuje damu ndipo tuyahoji kwa dhati. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Tume hiyo ilipendekeza kiundwe chombo huru cha kushughulikia malalamiko dhidi ya polisi. Jopo la Jaji Philip Ransley likafuata mwaka 2009, kisha Katiba mpya ya 2010, na hatimaye sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la IPOA. Hapo swali la nani achunguze lilipata jibu la kisheria.

Jibu hilo halikuwa maneno matupu. Mwezi Agosti 2014, msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi za polisi nyumbani huko Kinango, kaunti ya Kwale. IPOA ilichunguza, na mwezi Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawahukumu maafisa wawili kifungo cha miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa hukumu ya kwanza kupatikana kutokana na uchunguzi wa mamlaka hiyo.

Lakini miezi minne tu baadaye, pengo lililobaki lilijionyesha kwa namna ya kutisha. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amepigwa risasi ya mkono na afisa wa polisi mwaka 2015, akalalamika kwa IPOA. Alifanya kile hasa ambacho sheria inamtaka raia afanye. Badala ya kupata nafuu, alijikuta akifunguliwa mashtaka mahakamani. Tarehe 23 Juni 2016, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi aliyekuwa akiwabeba, Joseph Muiruri, walitekwa nyara baada ya kutoka katika mahakama ya Mavoko. Miili yao iliopolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Mwezi Julai 2022, maafisa watatu wa polisi na raia mmoja walitiwa hatiani kwa mauaji hayo, na mwezi Februari 2023 afisa yule aliyelalamikiwa akahukumiwa kifo.

Chombo huru kilikuwepo. Malalamiko yalipokelewa. Hata hivyo, mlalamikiwa alibaki afisa wa polisi, mwenye wenzake, vifaa na mamlaka ya kazi yake. Kwa mujibu wa sheria zetu, IPOA huchunguza na kupendekeza. Kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kumsimamisha afisa kazi ni uamuzi wa Huduma ya Polisi na tume yake. Kati ya pendekezo na uamuzi ndipo raia anapobaki peke yake.

Juni 2025 tuliliona pengo hilo tena. Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay, alifariki akiwa katika Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha dalili za kushambuliwa. IPOA iliwaeleza maseneta kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa. Naibu Inspekta Jenerali ambaye malalamiko yake ndiyo yaliyosababisha kukamatwa huko alitangaza kukaa kando tarehe 16 Juni, baada ya shinikizo la umma. Miaka 66 ilikuwa imepita tangu Hola, na bado taarifa ya kwanza ilitoka kwa wenye sababu ya kuficha.

Najua hoja itakayotolewa: askari naye ni raia, na Katiba inamhesabu hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Hoja hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Lakini kumwondoa mtu kituoni kwa muda, huku akilipwa, si kumhukumu. Mweka hazina anayekaguliwa hupokonywa funguo za kabati, na hakuna anayesema ameitwa mwizi. Bunduki na kitabu cha matukio ni amana nzito kuliko fedha.

Kwa hiyo napendekeza Bunge liandike katika sheria kwamba, pale malalamiko ya kifo au jeraha baya yanapopokelewa, afisa anayehusika akabidhi silaha, ahamishwe mbali na mlalamikaji, na asiguse kumbukumbu za kituo hadi uchunguzi ukamilike katika muda uliowekwa. Jambo hilo lisitegemee hisani ya mkubwa wala kelele za barabarani. Young aliondoka bila kulipata. Yule mwendesha bodaboda alilihitaji tangu siku aliyotia saini malalamiko yake.