Ruzuku, Maabara na Darasa: Wahadhiri Chipukizi wa Lubumbashi

Ruzuku anayoipata mhadhiri chipukizi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo (DRC), aghalabu hulipia kazi ya uwandani, uchambuzi wa sampuli na miezi kadhaa ya kukaa Ubelgiji: Leuven, Gembloux au Brussels. Somo analolifundisha akirudi halimo katika bajeti. Hoja yangu ni kwamba ruzuku ya asistanti au ya CT (chef de travaux, cheo kinachofuata cha asistanti) anayeandika tasnifu ipimwe kwa kozi iliyobadilika kutokana na utafiti wake, kwa uzito uleule unaopewa makala aliyoichapisha.

Sisemi hivyo kwa kudharau makala. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu wa Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini Katanga. Viwango vya kobalti walivyovikuta vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Mwaka 2018 ushirikiano huohuo ulifika Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na ukaonyesha kwamba watoto ndio waliobeba mzigo mkubwa zaidi. Mwaka 2020 ukaja utafiti uliofanywa katika hospitali za Lubumbashi kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za maumbile. Kasoro hizo zilihusiana na kazi ya baba katika shughuli za madini. Bila fedha za nje na maabara za Ubelgiji, hayo yote yangebaki minong'ono ya mitaani.

Lakini maarifa hayo yanamhusu nani kwanza? Yanamhusu mwanafunzi wa tiba atakayepokea wajawazito Likasi, mwanafunzi wa sheria atakayesoma mikataba ya migodi, na zaidi ya wote mhandisi wa kitivo cha Polytechnique atakayeajiriwa na kampuni ya Kolwezi. Mhandisi huyo anastahili kuzichambua takwimu za Kasulo darasani kabla ya kutia saini ripoti yake ya kwanza ya mazingira. Mtu wa kumfundisha hayo ni asistanti aliyekuwa uwandani. Ndiye anayesimamia mazoezi na kusahihisha mitihani, ndiye pia anayemjua mwanafunzi kwa jina.

Kuna utafiti unaoelekea darasani kwa urahisi zaidi kwa sababu ya namna ulivyobuniwa. Chukua mfano huu: moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi, kilichoanza kazi mwaka 1911, uliua mimea kwenye eneo kubwa la jiji na kuacha udongo mtupu wenye asidi, shaba na metali nyingine. Katika mtaa wa Penga Penga, mtaalamu wa kilimo Mylor Ngoy Shutcha na wenzake walijaribu kurudisha uoto kwa majani yanayomea kiasili kwenye udongo wa shaba, hasa Microchloa kunthii, wakirekebisha udongo kwa chokaa na mboji. Ninaupenda utafiti huu. Uwanja wake uko ndani ya jiji, na vifaa vyake vikuu ni miche, chokaa na jembe. Fedha za mradi zikiisha, asistanti bado anaweza kuwapeleka wanafunzi kila msimu kuona jani lipi limeshika na lipi limekufa. Kobalti ya kwenye damu haipimwi kwa jembe, hilo ni kweli. Hata hivyo, kuchagua sampuli, kuandaa dodoso, kuomba ridhaa ya mama mzazi na kusoma jedwali ni kazi zinazofundishika Lubumbashi bila mashine ya Ulaya.

Upande wa sayansi za jamii pia upo mfano wa utafiti uliorudi kwa wenyeji. Observatoire du Changement Urbain, kituo cha utafiti wa mabadiliko ya jiji kilichosaidiwa na ushirikiano wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, kilichunguza maisha ya kaya za jiji, na kutokana na kazi hiyo kikatoka kitabu kuhusu kaya mwaka 2003 na kingine kuhusu chakula, Byakula, mwaka 2004. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wa wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, uliurudishia umma kumbukumbu zake kwa maonyesho na michezo ya kuigiza. Linganisha na miaka ya 1970: mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa, alikusanya picha za historia za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, kitabu juu yake kilitoka California mwaka 1996, na picha zenyewe ziko Amsterdam. Kazi ile ni kubwa, lakini kijana wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, anahitaji viza ili aone historia iliyochorwa mjini kwake.

Mfadhili atasema kufundisha ni wajibu wa serikali. Ni wajibu wake kweli. Lakini ruzuku inayolipia utafiti peke yake humwondoa asistanti darasani, na pengo lake hujazwa na mwenzake asiye na ruzuku, au halijazwi. Kwa hiyo mfadhili tayari anaathiri ufundishaji; anachokataa ni kugharimia athari hiyo.

Wakati wa kurekebisha ni huu, kwa kuwa mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat) ulioanza kutumika nchini mwaka wa masomo 2021-2022 unavilazimisha vitivo kuandika upya programu zao. ARES na VLIR-UOS, mashirika ya ushirikiano wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, pamoja na wafadhili wengine watenge sehemu ya kila ruzuku kwa moduli moja mpya, kwa mazoezi ya uwandani ya wanafunzi, na kwa mkutano wa kuwaeleza matokeo, kwa Kiswahili, watu waliopimwa. Nasi maprofesa tunaokaa katika kamati za kupandisha vyeo tuihesabu moduli hiyo pale asistanti anapoomba kuwa CT.